Gari Ambalo Mzee Hemant Alikataa Kumuuzia Jovita

Umeshawahi kuona mtu anatangaza kuuza gari, mnunuzi anafika na hela yake mkononi, halafu muuzaji anamfukuza?

Jovita yalimkuta. Hapahapa Bukoba.

Mzee alifungua boneti mwenyewe. Akawasha gari mwenyewe. Akamwacha fundi achungulie kila kona mpaka aridhike. Kila kitu kilikuwa safi.

Kisha mzee akauliza swali moja, Jovita akajibu kwa moyo mweupe, na hapohapo boneti ikafungwa.

"Mama, hili siyo gari lako. Nenda salama."

Na geti likafungwa.

Jovita alibaki barabarani ameshika pochi kifuani, fundi kando yake. Alipofika nyumbani alilia kama amefiwa.

Kwa nini alilia? Subiri nikwambie.

Jovita ni mwalimu wa shule ya msingi. Anakaa Kitendaguro, nyumba iko ndani kabisa ya kibanja, migomba mbele, kahawa nyuma. Kufika barabara ya lami unapanda njia ya udongo ambayo mvua ikinyesha inakuwa sabuni.

Mumewe Julius ni bwana shamba huko Muleba. Amepanga chumba kulekule kazini, anarudi nyumbani Jumamosi, Jumapili jioni anaondoka.

Wana mtoto mmoja. Annastella. Darasa la tatu.

Annastella ana selimundu.

Kama hujaishi na mtoto mwenye ugonjwa huo, mshukuru Mungu na unyamaze. Mtoto anacheza vizuri mchana, jioni anajikunja kitandani anashika miguu, analia kilio kisichotoka sauti. Unampapasa, anakwambia usimguse. Unaacha kumgusa, anakwambia mama mbona unaniacha.

Mwezi wa nne, masika yamekolea, maumivu yalimshika vibaya. Jovita alipata bodaboda mmoja tu aliyekubali kushuka mpaka nyumbani. Wakapanda watatu, mtoto katikati, mvua inawachapa usoni.

Njiani Annastella akalegea. Shingo ikaenda upande. Jovita akahisi mwili wa mtoto unateleza kutoka mikononi mwake huku pikipiki inapanda mlima.

Yule bodaboda alisimama, akavua koti lake akamfunika nalo, wakamfunga mtoto mgongoni kwa mama kwa kitenge kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu inaning'inia.

Walifika. Mtoto alipona. Lakini daktari alisema neno moja ambalo halikumtoka Jovita kichwani.

"Mama, baridi na maji ndiyo vinavyomzidishia. Safari nyingine usimlete hivi."

Sasa nimlete vipi? Jovita alijiuliza.

Ndiyo siku walipoamua kununua gari.

Julius alikuwa na akiba ya kahawa, Jovita alikuwa na akiba ya ualimu. Wakaunganisha. Haikuwa hela ya gari jipya, hilo walijua. Ilikuwa hela ya gari moja, la mkononi, na wakikosea hakuna nyingine.

Mdogo wake Julius anaitwa Derick. Dalali wa mjini. Viwanja, nyumba, magari, chochote chenye mwenyewe anayetaka kukiachia, Derick yumo. Kazi ya kutafuta wakampa yeye.

Derick akaanza kurusha picha kwenye simu ya shemeji yake. Magari marefu, magari yenye rimu za kung'aa, magari ya viti vya ngozi.

"Shemeji, hili ukipita nalo, Bukoba nzima inageuka."

"Derick, mimi sitaki Bukoba igeuke. Nataka gari nikiliita liitike."

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na hata wewe ungeikubali. Shuleni anakwenda kwa miguu. Sokoni kwa miguu. Gari litatoka siku mtoto akiumwa, siku ya kliniki, na Jumapili ya mvua. Basi. Kwa hiyo anataka gari dogo, lisilokunywa mafuta, na zaidi ya yote, lililotembea kidogo.

Walikwenda kuangalia moja Muleba. La mnunuzi wa kahawa, linapanda na kushuka Bukoba karibu kila siku. Julius alilipenda. Jovita akachungulia dashibodi, akaona kilomita zilivyojazana, akatikisa kichwa.

"Hili limeshachoka. Litatufia njiani na mtoto ndani."

Wakaliacha.

Ndipo Derick akaleta picha ya kigari cheupe.

"Shemeji, kaa chini kwanza. Mwenyewe ni Mzee Hemant, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa pale mjini. Gari la mke wake. Halijatembea. Nakwambia halijatembea, hata plastiki za mlangoni bado zipo."

Jovita alikwenda Nyanga, nyumbani kwa mzee, pamoja na fundi wake wa kuaminika, Mwijage. Derick siku hiyo alikuwa na mteja wa kiwanja, hakwenda.

Mzee Hemant ni mtu wa zamani Bukoba. Baba yake aliuza vitambaa hapa, na yeye anauza hapahapa. Kiswahili chake ni chetu, na Kihaya anakisikia kuliko vijana wengi wa siku hizi. Aliwakaribisha vizuri, akawaletea hata chai.

Mzee alipiga stata, gari likaitika mara moja. Mwijage akasikiliza injini. Akalala chini akaangalia uvunguni. Alipoona namba ya kilomita, akagonga kioo cha dashibodi kwa kidole, akidhani namba zimekwama.

"Mwalimu, sina cha kusema. Chuma ni kizima."

Jovita akahisi machozi ya furaha yanakaribia.

Ndipo mzee akauliza, "Mama, utakuwa unaendesha wapi na wapi?"

"Wala siyo kuendesha sana, mzee. Litakaa tu nyumbani. Nina mtoto mgonjwa. Nalitaka kwa dharura."

Mzee Hemant alimtazama. Akatazama gari. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu.

Akafunga boneti.

Jovita akadhani hajaeleweka. Akaeleza tena, mtoto, selimundu, mvua, bodaboda. Kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kurudi nyuma. Mwisho Jovita alipiga magoti pale uani, kama mwanamke wa Kihaya anavyomwomba mkubwa wake.

"Mzee, waitu, nihurumie."

Mzee akageuza uso ukutani.

"Hili siyo gari lako. Nenda salama."

Sasa umeelewa kwa nini alilia.

Alilia kwa sababu alikuwa amepata jibu la mtoto wake, na mtu mmoja, bila kusema sababu, amelifungia ndani ya geti. Na alilia kwa sababu alikuwa na hakika anaijua sababu.

"Ameniona mimi siyo wa kupanda gari la mke wake," alimwambia Julius kwenye simu. "Nimepiga magoti mbele yake, Julius. Hakunitazama hata usoni."

Derick aliposikia, alicheka kidogo.

"Shemeji, hujui kuongea na matajiri. Niachie mimi na hizo hela."

Siku chache baadaye, mchana kweupe, honi ikalia kwenye njia ya udongo. Annastella ndiye aliyetoka wa kwanza. Kigari cheupe kilikuwa kinateremka taratibu kati ya migomba, Derick kwenye usukani, kiwiko dirishani.

"Umefanyaje?" Jovita aliuliza, mikono kichwani.

"Madalali tuna lugha yetu. Wewe panda."

Hakuuliza tena. Mwenye kiu hamuulizi aliyemletea maji amepita njia gani.

Jumapili iliyofuata Padre alilinyunyizia maji ya baraka nje ya kanisa, na Annastella akakaa kiti cha nyuma kama malkia.

Kuanzia hapo Jovita alilitunza lile gari kama yai. Alinunua turubai la kulifunika. Akaliegesha nyuma ya jiko, chini ya migomba, jua lisilipige. Mara mojamoja aliliwasha palepale uani, akasikiliza injini inavyonguruma, akalizima haraka asimalize mafuta. Kliniki ni mwendo wa dakika chache, kanisani ni karibu zaidi. Kwa muda wote ule namba ya kilomita ilisogea kidogo sana, na hilo lilikuwa fahari yake.

Majirani walimsifu. "Mwalimu unajua kutunza kitu."

Usiku mvua ikinyesha alikuwa analala. Ndiyo, analala kabisa. Anasikia maji juu ya bati, anajua gari lipo, anageuka upande wa pili.

Ikaja Novemba, msimu wa senene. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mbingu ikafunguka. Mvua ya Kagera, ile inayokuja na ukungu wa ziwani mpaka mchana unakuwa kama magharibi. Julius wiki hiyo alikuwa hajarudi, alikuwa na mkutano wa wakulima Muleba.

Annastella aliamka na homa. Jovita akampa dawa zake, maji mengi, akamfunika. Maumivu ya kifua yakaja. Akapumua kwa shida.

"Tunakwenda hospitali, mwanangu. Vaa sweta."

Mtoto akainua mkono mmoja. Mwingine ukabaki juu ya blanketi.

"Mama, mkono wangu umelala."

"Uamshe basi."

"Hauamki."

Jovita akamtazama usoni. Upande mmoja wa mdomo wa mtoto wake ulikuwa umeshuka.

Hakupiga kelele. Alichukua ufunguo juu ya kabati, akambeba mtoto, akatoka naye mvuani, akavuta turubai, akamlaza kiti cha nyuma, akaketi, akazungusha ufunguo.

Tik.

Taa za dashibodi ziliwaka hafifu kama kibatari kilichoishiwa mafuta.

Tik. Tik.

Akazungusha tena. Safari hii haikuja hata tik. Dashibodi yote ikazima.

"Mama, twende," Annastella alisema nyuma, maneno yanavutika.

"Tunakwenda."

Akazungusha. Akazungusha. Akapiga usukani kwa viganja. Akatoka, akafungua boneti asiyoijua, akaifunga, akarudi, akazungusha.

Gari lilikuwa zima. Jeupe. Safi. Kimya.

Ndipo akapiga yowe.

Jirani yake, Bi Restituta, mama mtu mzima, alikuja amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Nyuma yake wakaja wanaume wanne wa jirani.

"Tusukume."

"Hili ni la otomatiki," mmoja akasema. "Hata tukilisukuma haliwaki."

"Tulipandishe basi hadi lami, tutapata mwenye gari wa kutushtulia betri kwa waya."

Wakaegemea. Gari halikusogea hata shubiri. Wakaegemea tena, miguu inateleza kwenye tope. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameganda, kana kwamba gari limeota mizizi pale chini ya migomba.

Jovita akashika simu. Akampigia bodaboda wake. Haipatikani. Akampigia dereva wa teksi.

"Mwalimu, niko upande wa pili wa Kanoni. Mto umepanda, magari yote yamesimama darajani. Sijui tutapita lini."

Akampigia Julius.

"Nakuja," Julius alisema kabla hajamaliza kusikia.

"Unakuja na nini? Uko Muleba, Julius. Unakuja na nini?"

Akakata simu.

Akampigia Derick. Simu ikaita mpaka ikakata. Akampigia tena. Ikakata.

Mvua haikupungua. Bi Restituta alikuwa ameingia kiti cha nyuma, amempakata mtoto, anasali rozari kwa Kihaya, na macho ya mtoto yalikuwa yanafunga na kufunguka. Jovita akaanza kupitia majina kwenye simu, mmoja mmoja, akitafuta mtu yeyote aliyewahi kumiliki gurudumu. Mwalimu mkuu, amesafiri. Katekista, pikipiki yake iko kwa fundi.

Akafika kwenye jina alilolihifadhi kabla ya siku ile ya magoti. *Mzee Hemant Gari.*

Hakumpigia kuomba msaada. Nataka uelewe hilo. Alimpigia kwa hasira, kwa sababu alihitaji mtu wa kumlaumu, na huyo ndiye aliyekuwa karibu.

"Mzee, gari lako umelifanya nini?"

"Nani mwenzangu?"

"Mama uliyemfungia geti. Nina gari lako hapa. Mtoto wangu anakufa ndani yake na haliwaki. Umeliwekea nini hili gari?"

Sauti ya mzee ikaja tofauti kabisa.

"Gari lile liko kwako?"

"Liko kwangu."

"Mtoto ana nini sasa hivi?"

"Mkono hauinuki. Mdomo umeshuka."

Jovita alisikia kitu kikianguka kule, kiti labda.

"Nieleze njia ya kwako. Taratibu. Wapi nashukia."

Mzee Hemant alikuja na pikapu ya dukani, anaendesha mwenyewe. Hakupita Kanoni. Alizunguka njia za juu, njia ambazo Jovita mwenyewe hakujua kwamba gari linapita. Alipoteremka kwenye ile sabuni yetu, pikapu ilikwenda upande upande, ikagonga mgomba, ikaangusha mkungu mzima, ikasimama mlangoni.

Hakulitazama lile gari jeupe. Alipita kando yake kama mtu anayepita kando ya kaburi. Akamchukua Annastella mikononi mwa Bi Restituta, akamweka mapajani kwa mama yake, akafunga mlango. Wale wanaume wanne wakapanda nyuma, wazito kama magunia, matairi yapate kushika, na kila yalipoteleza waliruka chini wakasukuma.

Njiani Jovita aliuliza mara moja tu. "Mzee, ulijuaje kwamba litagoma?"

"Mama, mshike mtoto. Ongea naye. Asilale."

Jovita akaongea. Aliongea chochote. Senene, shule, baba anakuja, jina lako nani, mimi nani. Majibu ya mtoto yalikuwa yanazidi kuwa mafupi. Walipofika hospitali hayakuwepo tena.

Walipokelewa mlangoni. Oksijeni, damu, mlango ukafungwa.

Kuna kukaa kwenye benchi la hospitali ambako mtu hakai kwa kweli. Yupo tu. Jovita alikuwa hivyo, nguo inachuruzika, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Mzee Hemant alikaa kando yake, naye amelowa, mikono magotini.

Baada ya muda mrefu akaanza kuongea, macho sakafuni.

"Lile gari mwanangu Falguni alimnunulia mama yake. Alilituma kutoka Dar. Urmila alilipenda sana. Lakini tungekwenda wapi nalo? Nyumbani, dukani, kusali. Siku nyingi lilikaa tu. Tulilifunika. Tulilifuta vumbi."

Jovita akainua kichwa.

"Urmila alianguka sebuleni. Mchana. Mdomo ulishuka hivyohivyo. Nikambeba mpaka kwenye gari, nikazungusha ufunguo."

Hakuwa na haja ya kumalizia, lakini alimalizia.

"Nilipopata gari la mtu mwingine, alikuwa ameshaniacha.

"Kesho yake fundi akaja, akabadilisha betri, likawaka. Kesho kutwa likawaka. Halina ubaya wowote. Ni gari zuri. Ila ukiliacha likae, linakufa polepole na wewe huoni. Betri inakwisha, breki zinashika kutu, panya wanaingia. Kwa mtu wa kuendesha kila siku, ni gari la miaka. Kwako wewe..." Akatikisa kichwa. "Uliposema litakaa nyumbani kwa ajili ya mgonjwa, nilimwona Urmila. Nilishindwa kutamka jina lake mbele yenu. Nikafunga geti."

"Ungeniambia, mzee," Jovita alinong'ona.

"Kweli. Lakini nilimwambia yule kijana aliyelinunua. Yeye nilimweleza yote."

Jovita akageuka. "Kijana gani?"

"Aliniambia anataka teksi ya kwenda Muleba na kurudi, kila siku. Nikafurahi, nikasema hilo ndilo gari lake. Nikamweleza habari ya Urmila mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia, hata ukiliuza mbele ya safari, mwambie atakayelichukua: asiliache likakaa. Na usimuuzie mwenye mgonjwa. Akaniapia."

Julius aliingia giza halijakaa sawa, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepanda lori la ndizi kutoka Muleba, kisha akatembea. Nyuma yake alikuwa Derick, ambaye aliona simu za shemeji yake amechelewa, akakimbia kumpokea kaka njiani.

Mzee Hemant aliinua macho.

"Ni huyu," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemtambua jirani.

Julius akatazama huku na huku. "Huyu nini?"

Derick akasimama palepale alipokuwa. Ukiona dalali amekosa maneno, jua kuna kitu.

"Derick," Jovita alisema, "mzee alikwambia?"

"Shemeji..."

"Alikwambia au hakukwambia?"

Derick alitazama ule mlango uliofungwa.

"Aliniambia. Nilidhani ni majonzi ya mtu aliyefiwa. Gari lilikuwa linawaka vizuri, shemeji, wewe mwenyewe uliliona. Nikaona nikikwambia utaghairi, na ulikuwa umelia sana. Nilitaka ufurahi."

Nadhani alisema kweli. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi.

Jovita hakumtukana. Alisema neno moja tu, polepole, kama anamsomea mtoto darasani.

"Ulisikia, Derick. Kumbe wewe ulisikia."

Derick akateleza ukutani mpaka sakafuni, akafunika uso kwa mikono yake. Julius hakumgusa. Alikwenda kutoa damu.

Annastella hakufa.

Nilitaka nikwambie hivyo mapema, lakini Jovita mwenyewe hakuambiwa mapema. Alisubiri. Daktari alipotoka alisema mtoto atapona, ila ubongo ukikosa damu haungoji mtu, na muda uliopotea umechukua kitu chake.

Ulichukua mkono wa kushoto. Siyo wote. Unainuka mpaka begani, vidole havishiki.

Walipomleta Mwijage kuangalia gari, alikuta betri imekufa kabisa, vichwa vyake vimeota unga mweupe. Breki za nyuma zilikuwa zimegandana kwa kutu na ngoma za magurudumu. Na panya walikuwa wamejenga chini ya boneti kwa majani makavu ya migomba, wakatafuna waya mmoja.

"Mwalimu," alisema akiwa bado amelala uvunguni, "hata mimi nilikosea siku ile. Niliangalia lilivyo. Sikukuuliza litakaaje."

Julius alitaka liuzwe. Jovita alitaka lichomwe moto. Mwisho hawakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu masika yalikuwa yanarudi na mtoto alikuwa bado anaumwa, na hasira haipeleki mtu hospitali. Wakalitengeneza.

Sasa kila Jumamosi Jovita anakwenda Muleba kumchukua mumewe. Iwe jua, iwe mvua, awe na safari au hana. Anapita njia nzima bila haraka, injini inapata moto wa kutosha, na Jumapili jioni anamrudisha. Kilomita zimejazana kwenye dashibodi, na siku hizi akiziona anatulia. Tangu hapo halijawahi kugoma.

Mzee Hemant hupiga simu siku ya mvua. Haongei mengi. "Limewaka leo?" Limewaka, mzee. "Haya."

Derick yeye anakuja kila jioni. Daktari alisema vidole vya mtoto vikandwe na kunyooshwa kila siku, na Derick ndiye aliyeomba kazi hiyo. Hakuna aliyemwambia amesamehewa. Juzi Annastella alikuwa anahangaika na vifungo vya sweta, Derick akanyoosha mkono kumsaidia.

"Baba mdogo, acha," mtoto akamwambia. "Nitachelewa, lakini nitafunga."

Derick akakaa akasubiri, macho yamejaa maji, mpaka kifungo cha mwisho.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari la nyumbani, la safari fupi, la mama na watoto: usidanganywe na namba ndogo ya kilomita. Uliza lilikuwa linalala wapi na kwa muda gani. Uliza mwenyewe kwa nini anauza, na akisita, usiondoke mpaka aseme. Na ukilipata, litembeze, liende mbali kidogo kila wiki, hata kama huna pa kwenda.

Na wewe uliye katikati ya watu wawili, dalali, ndugu, rafiki, yeyote: neno ulilopewa kwa ajili ya mwingine siyo lako kulipima. Lifikishe lilivyo, hata kama litamliza.